Kurudia Si Kukariri

Liko neno moja ambalo katika shule zetu limegeuka kuwa tusi, nalo ni kukariri. Mwalimu akitaka kumshusha mwenzake husema kuwa wanafunzi wa fulani wanakariri tu. Mzungumzaji wa semina akitaka kupigiwa makofi hutamka kwamba zama za kukariri zimekwisha, na makofi hupigwa. Hata wanafunzi wenyewe wamelidaka. Aliyeshindwa mtihani hujitetea kuwa yeye hapendi kukariri, kana kwamba kusahau ni daraja ya juu ya akili.

Sina nia ya kulitetea neno hilo kwa maana waliyolipa. Mtoto anayeimba maana ya usanisinuru toka herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, naye hajawahi kulitazama jani la mhogo lililokosa jua, huyo amepotezewa wakati wake, na aliyempotezea ni mtu mzima. Katika hilo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu waanzia pale ambapo, katika kuling'oa gugu la kukariri, tumeng'oa na mpunga uliokuwa ubavuni mwake. Mpunga huo ni kurudia: kuirudia kazi ya mkono leo, na kesho, na mtondo, na mwezi ujao, hata mkono wenyewe uijue. Na mahali palipopata hasara kubwa kuliko pote si darasa la historia wala la jiografia. Ni karakana.

Niseme nililoliona. Miaka michache iliyopita nilihudhuria, kwa niaba ya ofisi yangu, mahafali ya chuo kimoja cha ufundi. Palikuwa na maonyesho ya kazi za vijana: vitanda, viti, meza, fremu za milango, vyote vimepigwa msasa na kupakwa vanishi hata mtu angeweza kujitazama uso. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa miongoni mwa wahitimu, na stuli iliyowekwa mbele yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilimpongeza mbele ya mama yake. Miezi minane baadaye mguu wa meza yangu ya kuandikia ulilegea kwenye kiungo, nikampelekea salamu aje anitazamie.

Alikuja kwa adabu zote, akaniamkia, akainama kuitazama meza. Nikampa patasi na nyundo ya mti alizoniachia marehemu baba yangu. Akagusa makali ya patasi kwa kidole gumba.

"Mzee, hii ni butu."

"Kinoo hicho hapo, mwanangu. Inoe."

Akakigeuza kinoo mikononi mwake kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kunoa tulifanya, mzee. Tulifanya mwaka wa kwanza, siku moja."

Nikamwuliza ni mara ngapi alichonga ulimi wa mbao na kuutobolea tundu lake, yaani kile kiungo ambacho pasipo hicho hakuna kiti, hakuna meza, hakuna mlango. Akajibu bila kuficha: mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu aliwaonyesha. Mara ya pili walifanya wenyewe kwa kikundi, watu sita kwa ubao mmoja. Na ile stuli? Stuli ilikuwa ya kikundi pia, na viungo vyake vilikatwa kwa mashine. Siku nyingine aliniletea daftari lake la kumbukumbu za mafunzo, nami sikumwomba. Mbele ya maneno "kunoa zana" palikuwa na alama ya vema, tarehe na sahihi. Hakuna aliyedanganya. Siku ile aliweza, na aliyetia sahihi alimwona kwa macho yake akiweza. Kosa liko katika kudhani kwamba aliyeweza siku moja amekwisha kuweza.

Sikumcheka kijana yule. Najua ada yake ilitoka katika vitumbua ambavyo mama yake aliamka kuvichoma saa kumi ya alfajiri kwa miaka miwili. Mama huyo alinunua ufundi, akauziwa cheti.

Mguu wa meza niliupeleka Keko, mahali ambapo mkazi yeyote wa Dar es Salaam anayetafuta samani hupajua. Nilimkuta mzee mmoja chini ya bati lake, ana vijana wawili wanagenzi. Ilikuwa asubuhi, na vijana wote wawili walikuwa wakinoa. Walinoa patasi, walinoa visu vya randa, walinoa hata zana ambazo kwa macho yangu zilikuwa kali tayari. Nilimwuliza mzee kwa nini wanoe kisichokuwa butu. Akanitazama kama mtu aulizwaye kwa nini ananawa uso. Akaniambia kwamba kila siku, kabla ya kazi ya mteja, kila kijana hunoa, kisha hupewa kipande cha mbao ya kutupwa achonge ulimi mmoja na tundu lake. Mmoja tu. Ukikaza vema, wanauchoma pamoja na maranda. Ukilegea, unawekwa juu ya meza autazame mchana kutwa. Nikauliza, hivyo mpaka lini? "Mpaka siku nitakayosahau kumtazama," akasema.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba bati la Keko ni bora kuliko chuo. Kijana wa Keko hasomi mchoro, hapigi hesabu ya pembe, hafundishwi kujikinga na vumbi linaloingia mapafuni mwake kila siku, na akigombana na mwalimu wake hana pa kushtaki. Chuo kina mengi ambayo Keko haina wala haitakuwa nayo. Keko ina jambo moja ambalo chuo kilikuwa nalo, au kilipaswa kuwa nalo, nacho kimeliacha kwa hiari yake kwa sababu kimeambiwa kuwa ni la kizamani.

Na hapa ndipo suala hili linapoingia katika kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa. Kurudia si mbinu tuliyoazima. Ndiyo njia ambayo kila stadi ya nchi hii imepita kutoka mkono wa mkubwa hadi mkono wa mdogo. Mtazame msichana wa Pemba au wa Mafia anayefundishwa kusuka ukili na bibi yake. Hapewi ukindu mzuri. Hupewa chane fupi zilizobaki. Husuka kiasi cha mkono mmoja, bibi akautwaa ukili ule, akautazama ukingo wake, akaufumua wote, akamrudishia chane zilezile. "Anza tena." Hakuna kilichopotea isipokuwa kiburi. Siku nyingine hufumuliwa tena, na siku nyingine tena, hata ikafika wakati ambapo vidole husuka naye mwenyewe anazungumza, anacheka, anatembea njiani kwenda kisimani na ukili unashuka mkononi mwake. Hapo ndipo bibi humfungulia rangi na kumpa mapambo ya mkeka. Hapo, wala si kabla. Mapambo hayatiwi katika mkono ambao bado unafikiri juu ya ukingo.

Ninaomba msomaji ashike neno hilo kufumua, maana nitalirudia.

Mtazame pia mwanagenzi wa waunda majahazi. Mkuku hutandikwa na fundi mwenyewe, na mataruma hukatwa kwa jicho la fundi pasipo mchoro wowote wa karatasi. Kijana hupewa kalafati: nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta, azishindilie kwa nyundo katika kila ufa ulio baina ya ubao na ubao, toka omo hadi tezi. Ni kazi ya kuchosha, maelfu ya mapigo yanayofanana. Lakini mwenye kuizoea huijua kwa sikio. Ufa ulioshiba hutoa sauti yake na ufa wenye njaa hutoa nyingine. Je, sauti hiyo itafundishwa katika kipindi kimoja cha dakika themanini? Na mpiga ngoma chipukizi, je, hakupewa kwanza mpigo mmoja usiobadilika, aushike usiku kucha wakati mkubwa wake akipamba? Wahenga walipotuambia kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe, walikuwa wameiona kamba ya kisima na mtaro wake kwenye ukingo wa jiwe.

Nakiri kwamba urithi huu una upande wa giza. Walikuwapo walimu wa kila fani waliorudisha kwa fimbo, na walikuwapo waliorudisha kwa uvivu, kwa sababu kumwambia mtoto "tena" ni rahisi kuliko kumwonyesha alipokosea. Arudiaye kosa hujifunza kosa, na mkono uliozoea kosa ni mgumu kuliko mkono usiojua kitu. Bibi wa ukili hakufumua kwa hasira; alifumua akionyesha chane iliyokaa vibaya. Tofauti hiyo ndiyo inayotenga kurudia na kukariri. Akaririye hutoa kilekile alichopewa, na hajui kama kimeharibika. Arudiaye ana kipimo mbele yake: ulimi umekaza au umelegea, ukuta umelingana na timazi au umepinda, pindo limenyooka au limetambaa. Mbao haidanganyiki.

Kasumba ya kudharau kurudia tumeipata wapi? Nadhani tumeipata katika mazoea yetu ya kuheshimu kalamu na kuivumilia nyundo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka kazi iwe sehemu ya masomo na shule iwe na shamba au karakana yake. Neno lilikuwa kubwa. Lakini katika shule nyingi shamba liligeuka mahali pa kuwapeleka waliochelewa, na jembe likawa adhabu. Mkono ulitumikishwa, haukufundishwa. Mtoto aliyelima kwa sababu alipiga kelele darasani hatakumbuka kipimo cha baina ya shina na shina. Atakumbuka jua. Baadaye, mwaka 1994, ikatungwa sheria iliyounda mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, na mwaka 2005 mitaala ya sekondari ikageuzwa iwe ya kujenga umahiri. Nia ya mageuzi hayo ilikuwa njema kabisa: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, asipimwe kwa anachoweza kusema. Lakini karatasi ina hila zake. Umahiri ulipofika kwenye karatasi uligeuka orodha, orodha ikawa na vijisanduku, na kijisanduku kikitiwa vema hakifunguliwi tena. Mwalimu husukumwa kumaliza mada. Akirudi nyuma kunoa patasi mwezi wa sita, mkuu wake atamwuliza kwa nini yuko nyuma ya ratiba.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana nimewasikia katika vikao vingi, na baadhi yao ni marafiki zangu.

Wapo wasemao kuwa mkono hausahau, na mfano wao daima ni baiskeli. Aliyejifunza baiskeli utotoni, wanasema, hupanda uzeeni. Ni kweli, nami ni mmoja wao. Lakini baiskeli ni mwendo mmoja usiokatika, nao hukusahihisha papo hapo kwa kukuangusha. Kufunga nyaya za nyumba, kupanga hatua za kufungua injini na kuirudisha, kupima na kukata shati toka kitambaa kilichokunjwa, hizo ni kazi za hatua nyingi, moja baada ya nyingine, na hatua hudondoka katika akili kama shanga kwenye uzi uliokatika. Tena huyo wa baiskeli aliipanda mara ngapi alipokuwa mtoto? Alipanda kila jioni kwa mwaka mzima, akachubuka magoti yote mawili. Mfano wao unanitetea mimi.

Wapo wanaotaka ushahidi wa kitaalamu, wasije wakatuambia kuwa hizi ni hekaya za Keko. Haya. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza safu za silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akapima ni sehemu gani ya kazi aliyoiokoa alipojifunza upya. Ikipita siku moja, aliokoa kiasi cha theluthi. Zikipita siku 31, kiasi cha moja ya tano. Lakini aliona pia jambo ambalo ningependa libandikwe katika kila chumba cha walimu: marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa mkupuo katika siku moja. Mtu atasema silabi si mbao. Basi na atazame taipu. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walitoa habari za wafanyakazi wa posta nchini Uingereza waliofundishwa kupiga taipu. Waliofundishwa saa moja kwa siku waliijua kazi kwa jumla ya saa chache kuliko waliofundishwa saa nne kwa siku. Na la kuchekesha ni kwamba wale wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote na mafunzo yao. Mwanafunzi, ndugu zangu, si hakimu mzuri wa njia inayomfaa, na mwalimu anayepimwa kwa furaha ya darasa lake atachagua njia mbaya.

Mwaka uliofuata, 1979, John Shea na Robyn Morgan wa Marekani waliwafundisha watu miendo mitatu ya mkono. Wengine walifanya mwendo wa kwanza mpaka wakatosheka, kisha wa pili, kisha wa tatu, wengine walichanganyiwa. Wakati wa mafunzo wale wa kwanza walionekana hodari. Walipopimwa baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Hapo yapo maelezo ya kijana wangu wa stuli: karakana yake ilipangwa ili apendeze siku ya kutiwa vema, haikupangwa ili aweze baada ya miezi minane.

Nami nina ushahidi wangu mdogo, wa masjala. Nilipoajiriwa karani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ofisi yetu ilikuwa bado na mashine za taipu, na nilikaa meza ya pili kutoka kwa mama mmoja aliyehitimu uhazili Tabora. Mama huyo aliandika hati mkato haraka kama mtu asemavyo, na alipopiga taipu alitazama dirishani. Nilipomwomba anifundishe, alifunika mashine kwa kitambaa ili nisizione herufi, akaniambia niwe nakuja robo saa kabla ya kazi kila siku, nipige mstari uleule wa herufi za kati. Robo saa, kila siku, mstari uleule. Baada ya wiki mbili niliona ananidhihaki. Baada ya miezi mitatu niliacha kutazama vidole. Leo mashine zile zimekwisha kuuzwa kwa chuma chakavu, ninaandika maneno haya kwa kompyuta, na vidole vyangu vingali vinamtii.

Na ushairi je? Watu hudhani mshairi hupata mizani kwa kipaji. Nilipoanza kutunga nilihesabu kwa vidole mezani, nane hapa na nane pale, na mke wangu akiuliza nahesabu madeni ya nani. Nimetunga mamia ya beti za kutupa ambazo hakuna atakayeziona. Sasa sikio hunijulisha mizani iliyozidi kabla sijaihesabu. Sikulipata sikio hilo kwa kuelezwa maana ya mizani, ingawa nilielezwa.

Lipo pingamizi moja ambalo nalichukua kwa uzito kuliko yote, kwa sababu mwenye kulitoa ni mwalimu wa karakana mwenyewe, na mara nyingi hutoa akiwa amechoka. Husema: vifaa vitatoka wapi? Mbao ni ghali, saruji ni ghali, nyaya ni ghali. Nikiwaruhusu vijana arobaini wachonge kila siku, fungu la mwaka litakwisha kabla ya Pasaka. Namheshimu mwalimu huyu. Lakini na amkumbuke bibi wa ukili. Bibi hakuwa tajiri. Ndiyo maana alifumua. Ukuta wa mazoezi haujengwi kwa saruji. Hujengwa kwa tope au kwa chokaa, hupimwa kwa timazi na pima maji, hubomolewa, matofali yakasafishwa na kujengwa tena keshoye, na tofali moja likafundisha vijana kumi. Anayejifunza cherehani huanza bila uzi, juu ya karatasi iliyopigwa mistari, akifuata mstari ulionyooka, kisha uliopinda, kisha kona. Matundu ya sindano humwonyesha alipotoka njiani, na karatasi ni ile iliyotumika ofisini upande mmoja. Ubao wa umeme wa mazoezi hufungwa swichi, taa na soketi, hukaguliwa, kisha hufunguliwa wote, nyaya zikarudi sandukuni. Na seremala ana mabaki. Mahali popote penye msumeno pana mabaki, na ulimi wa kujifunzia hauhitaji mninga. Kinachokosekana katika karakana nyingi ni ruhusa ya kubomoa kilichokwisha kujengwa, kwa maana tumezoea kwamba kazi isiyoonyeshwa kwa mgeni rasmi ni kazi bure.

Tena kuna madawati. Sijui shule ya nchi hii isiyokuwa na dawati lililolegea. Nimeona madawati ya shule yakirundikwa nyuma ya jengo kusubiri fedha za matengenezo, na ukuta wa pili ni karakana ya useremala ambamo vijana wanaandika notsi juu ya viungo vya mbao. Sitataja mahali, kwa sababu mahali ni pengi.

Watu wengine watanishtaki kwamba nataka kuwageuza vijana kuwa mitambo, wafanye bila kufikiri. Hili ndilo shitaka la wenye semina. Lakini ni nani aliye huru kufikiri, mwashi ambaye bado anahangaika jinsi ya kushika mwiko, au yule ambaye mwiko umekwisha kuwa kiganja chake? Wa kwanza hutazama mkono wake. Wa pili hutazama nyumba, na ndiye atakayeona kwamba mlango umewekwa upande wa mvua. Ubunifu tunaouhubiri hauna pa kukaa katika mtu ambaye akili yake yote imeshikwa na patasi.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu mwezi Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, na kidato cha kwanza kikafunguliwa mkondo wa amali, ambamo kijana atasoma ufundi pamoja na masomo yake ya kawaida. Nimelifurahia jambo hilo kuliko mengi niliyoyaona katika utumishi wangu. Na kwa sababu nimelifurahia, naliogopea. Mkondo huu ukiandikiwa ratiba ileile ya mada zinazofuatana kama mabehewa, kila moja ikipita kituoni mara moja na kutoweka, tutatoa vijana wengi wenye vyeti na mikono mitupu, na baada ya miaka kumi atasimama mtu kwenye semina kusema kwamba watoto wa Kitanzania hawapendi kazi za mikono. Mimi nitakuwa nimestaafu. Nataka ijulikane mapema kwamba nilimkana.

Wanaopanga ratiba ningewaomba mambo machache tu. Kila siku ya karakana ianze kwa nusu saa ya kazi za zamani, na mwalimu asionyeshe kwanza. Kijana ajaribu kukumbuka, akwame, ndipo aonyeshwe. Kazi zichanganywe, leo kunoa na kupima, kesho kukata na kupima, wiki ijayo kunoa tena pasipo kutangazwa. Na alama ya vema isitiwe siku ya kwanza kwa wino. Itiwe kwa penseli, na wino ufuate baada ya miezi mitatu, kijana akirudiwa kwa ghafla na bado anaweza. Najua afisa fulani atasema fomu haina nafasi ya penseli. Fomu huchapwa na watu, na mimi mwenyewe nimepeleka fomu nyingi kwa mpiga chapa.

Mwanafunzi unayesoma kurasa hizi, huna haja ya kumngoja afisa huyo. Kiungo cha kwanza ulichochonga usikitupe. Kiandike tarehe, kiweke. Chonga kingine Jumamosi, na kingine Jumamosi ya tatu, kwa kisu na kipande cha sanduku kama huna patasi. Vipange dirishani kwa tarehe zake. Aliyekuambia kwamba wakariri, mwonyeshe dirisha.

Na mkaguzi atakapofika karakanani, naomba asianze na stuli iliyopakwa vanishi. Aulizie sanduku la viungo vilivyoharibika. Akiambiwa halipo, aketi kwenye benchi, afungue kalamu, aandike ripoti yake kuanzia hapo.